Nyanya Nzima, Nyanya Zilizopondwa na Kanzu ya Haji

Nilifika Bwera miaka ya sitini ikikaribia ukingoni, nikiwa na cheti cha chuo, viatu vya ngozi visivyojua tope, na imani kwamba hakuna jambo la wanadamu lisiloweza kuamuliwa kwa kulinganisha pande zote kwa haki. Idara ya maendeleo ya jamii, yenye ofisi yake Kasese, ilikuwa imenituma niwafundishe watu kujitegemea. Watu wa Bwera, ambao walikuwa wakilima pamba, kahawa na mihogo kabla babu yangu hajazaliwa, walinipokea kwa upole na kuniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kushika chaki. Pale mtu yeyote aliyekuwa na kitabu na hakuwa na jembe aliitwa mwalimu.

Nilipanga chumba nyuma ya hoteli ya mama mmoja Mkongomani, mjane na Mkatoliki wa kweli, aliyekuwa amekimbia vita upande wa Beni akiwa na sufuria mbili kichwani na rozari shingoni. Neno hoteli lisimpotoshe msomaji. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo kando ya barabara iendayo mpakani, chenye mkeka mpana, benchi moja na dirisha lisilo na kioo. Lakini malori yalisimama hapo. Yalikuwa ya Haji mmoja wa Kasese, mfanyabiashara aliyebeba pamba na kahawa kutoka Bwera hadi kituo cha treni, na madereva wake wote walikuwa Waislamu kama yeye.

Sasa, Mwislamu mwangalifu hali nyama katika nyumba ya Mkristo, kwa sababu hajui kisu kilishikwa na nani wala kwa jina la nani. Samaki, hata hivyo, hachinjwi. Kwa hiyo hoteli ile yote, pamoja na mkeka, benchi na uhai wa mama yule, ilisimama juu ya ngege wa ziwani waliopikwa kwa mchuzi wa nyanya, wakaliwa kwa bundu, ule ugali mweusi wa muhogo unaovutika kama mpira. Nje ya mchuzi ule hapakuwa na kitu.

Mwaka ule Haji aliamua kwamba madereva wake wasile tena ovyo njiani. Angechagua jiko moja, na hapo ndipo wote wangekula, kila safari. Palikuwa na majiko mawili ya kuchagua: la mama, na la mwanamume mmoja Mwislamu aliyekuwa na hoteli yenye bati jipya karibu na soko la Kasese. Haji alisema atakuja Bwera Jumamosi aonje kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alinieleza jambo hilo akiwa amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, Haji akinikataa, miye ninarudia kibarua ya pamba. Na mugongo yangu unaijua."

Niliujua mgongo wake. Alikuwa akiinama kwa hatua tatu, kama mtu anayeteremka ngazi.

Basi mvua nazo zikachagua mwezi ule ule kunyesha bila adabu. Nyanya zote za vilima vya Maliba, ambazo ndizo zilizolisha soko la Kasese, ziliozea shambani. Zilizofika sokoni zilikuwa ngumu na za kijani, na ukizipika zilibaki zikikutazama. Mama hakukata tamaa. Mwenzake kutoka Butembo, mfanyabiashara aliyevuka mpaka kila wiki akiwa na baiskeli na koti la suti, alimletea boksi la makopo ya nyanya za Ulaya, ya aina nne, ayajaribu. Akishachagua aina moja, mfanyabiashara angemletea shehena yake Jumapili.

Dhamiri yangu haikukubali. Nilisimama mbele ya boksi lile na kutoa hotuba fupi. Nilisema ni aibu watu wanaoishi chini ya mlima wenye rutuba namna ile, wenye mvua na jua, kununua nyanya zilizofungwa ndani ya bati na watu ambao hawajui hata Bwera iko wapi. Nilisema kujitegemea kunaanzia chunguni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Ile ni maneno ya muzuri kabisa, Mwalimu. Na ile shamba ya tomati yenye ulilima nyuma ya ofisi, ya kuonyesha batu, iko namna gani?"

Ilikuwa imeoza. Nilikubali makopo.

Lakini kama ilikuwa lazima kuchagua, nilisema, tuchague kwa haki. Nilimweleza nilivyofundishwa chuoni: samaki wa ukubwa mmoja, kitunguu kimoja kwa kila sufuria, moto mmoja, chumvi ya kipimo kimoja, na waonjaji wasiojua wanaonja nini, ili jicho lisiudanganye ulimi. Mama alitikisa kichwa kwa kuafiki. Siku ya Alhamisi, mapema, niliingia jikoni nikiwa nimekunja mikono ya shati, nikakuta makopo yamepangwa chini, yote yanang'aa, yote sawa, yote uchi. Lebo zote zilikuwa ukutani.

Alikuwa amezibandua moja moja kwa maji ya moto, akazibandika kwa uji wa muhogo ukutani, juu ya mkeka, mstari mmoja ulionyooka, mbali na moshi. Kwa kweli zilipendeza. Ya kwanza ilikuwa na nyanya tatu nyekundu na jani. Ya pili ilikuwa na mpishi wa Kizungu mwenye kofia ndefu nyeupe, anacheka. Ya tatu ilikuwa na sahani ya chakula. Ya nne ilikuwa na jua linalochomoza nyuma ya mlima, ingawa nyanya zina uhusiano gani na jua hilo sikuelewa.

"Haji akiingia aone kama siye hatupike na bintu vya ovyo," alisema.

"Lakini mama, sasa tutajuaje kopo lipi ni lipi?"

Alitazama makopo. Akatazama ukuta. "Weye si umesoma?"

Nilijikaza. Nilimwambia kwamba kwa upande wa haki hili lilikuwa jambo jema, kwa kuwa sasa hata mpishi hangeweza kupendelea. Kisha nikachukua kopo moja baada ya jingine, nikalitikisa karibu na sikio. Dereva mmoja wa Haji, askari mstaafu aliyezungumza na watu wote kama walikuwa wamechelewa gwaride, alikuwa amekaa mlangoni akingoja chai. Aliniangalia nikitikisa.

"Mwalimu! Hiyo iko kopo ama iko redio?"

Nilimpuuza. Lililochapa maji nililitangaza kuwa la nyanya zilizokatwa vipande. Lililogonga kwa uzito nililitangaza kuwa la zilizopondwa. Lililonyamaza kabisa, ambalo halikutoa hata pumzi, nilisema bila shaka yoyote kwamba hilo ndilo la rojo nzito, ile iliyochemshwa mpaka maji yote yakaisha. Tulilifungua la kimya kwanza. Ndani mlikuwa na nyanya nzima zilizomenywa, zimebanana ubavu kwa ubavu kama abiria, hazina hata nafasi ya kugeuka.

"Afande," dereva akasema, "redio yako inasema uongo."

Baada ya hapo tulifungua tu.

Nataka kuzieleza nyanya zile kwa uaminifu, kwa sababu nilizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama chakula chochote. Zile nzima zilikuwa laini. Ukiziminya kidogo zilipasuka na kutoa mchuzi wake wenyewe, na motoni ziliyeyuka polepole, zikaacha nyuzi nyuzi tamu. Zile za vipande zilikuwa na kiburi. Zilichemka, zikachemka tena, na bado kila kipande kilibaki na pembe zake nne, kikielea kando ya samaki kama mgeni ambaye hakutambulishwa. Zile zilizopondwa zilikuwa mchuzi tayari. Kabla kitunguu hakijaiva vizuri, sufuria ilikuwa imekwisha kazi. Rojo nzito ilihitaji maji mengi na subira, na mpishi akitazama pembeni ilishika chini na kuwa chungu. Lakini rangi yake, hapana, rangi ile sijaiona tena ila kwenye majoho ya maaskofu.

Sufuria nne, mbili za kuazima, zikaiva. Waonjaji wakawa madereva wanne waliokuwa wakisubiri mizigo, na nilikuwa nimeazima sahani za bati ili kila mmoja ale peke yake, aseme peke yake. Nilipozigawa, hakuna aliyegusa. Yule askari mstaafu aliigeuza sahani yake, akaitazama chini, kana kwamba alitafuta kosa lake limeandikwa hapo.

"Mwalimu. Sisi iko na ugonjwa gani?"

"Hapana ugonjwa. Ni kwa ajili ya kulinganisha."

"Mtu nakula peke yake iko mchawi, ama iko jela. Mimi nilikula hivi mara moja, na hiyo ilikuwa jela. Lete sinia!"

Wote wakasema, lete sinia. Niliona kwamba nikishikilia sahani ningewapoteza, nikabuni njia ya kuunganisha mila na maarifa, na kwa muda nilijivunia sana. Niliweka bundu katikati ya sinia, kisha nikamimina michuzi minne katika pande nne: nzima upande wa mlango, vipande upande wa dirisha, iliyopondwa upande wa jiko, rojo upande wa ukuta wenye lebo. Kila dereva angeonja pande zote, kisha angeniambia upande aliopenda. Nilirudia moyoni mlango, dirisha, jiko, ukuta.

Nilisahau kichwa cha samaki. Kwa mama yule, sinia halikuwa limeandaliwa mpaka kichwa cha samaki mkubwa kimtazame mwenye heshima zaidi miongoni mwa walaji. Hakuuliza mtu. Alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono, akaona kichwa kinamtazama kijana kuliko wote, akasikitika kwa ulimi, akainama kwa hatua zake tatu na kulizungusha sinia. Halafu madereva wakaanza kubishana kwa adabu nani ni mkubwa kwa umri, nalo likazungushwa tena, na tena. Lilipotulia, mlango ulikuwa mahali fulani katikati ya jiko na dirisha, na michuzi ilikuwa imekwisha kupakana.

"Upande upi ni mtamu?" niliuliza, kwa sauti ambayo ningependa kuisahau.

"Yote tamu," alisema mmoja.

"Lakini upi zaidi?"

"Mwalimu," alisema mwingine, akimtupia jicho mama aliyesimama pale pale, "mama yako akikupikia, wewe nasema upande huu mbaya?"

Hilo ndilo lililokuwa tunda la kulinganisha kwangu. Lakini kulikuwa na jingine. Askari mstaafu, akilamba vidole, aliinua macho ukutani na kuitazama lebo ya tatu, ile ya sahani ya chakula.

"Mama. Hiyo nyekundu kwa sahani iko nyanya. Na hiyo ya mviringo juu yake?"

Sote tukasogea. Juu ya mchuzi uliochorwa kwa ustadi mkubwa palilala vipande vya soseji, vimekatwa vizuri, vinang'aa mafuta. Hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile aliyedhani Wazungu walitengeneza soseji ile kwa samaki.

"Mungu yangu," mama akasema. Akauliza Haji atafika saa ngapi Jumamosi.

Ijumaa nzima tulihangaika kuibandua lebo ile. Tulijaribu maji ya moto, kisha kijiko, kisha kisu. Uji wa muhogo ukikauka haubanduki; kipande cha ukuta kilianza kuja, soseji ikabaki. Nilipendekeza tuiache na tumweleze Haji ukweli. Mama alinitazama kama mtu anayetazama mvua. Alipendekeza tuifunike kwa picha ya Bikira Maria, kisha yeye mwenyewe akaona kwamba picha ile isingemsaidia Haji kutulia. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, na nyanya zilizopondwa ndizo zilizoiva upesi, mchuzi wa Jumamosi aliupika kwa hizo hizo, ambazo kwa kulinganisha na picha tulikwisha kujua kuwa ndizo zenye lebo ya soseji.

Haji aliingia akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia iliyodariziwa, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Madereva walimfuata. Mfanyabiashara wa Butembo naye alikuwapo, na koti lake, akingoja kusikia ataleta aina gani. Haji alitoa salamu, akaketi. Mama hakwenda jikoni. Alikuwa amesimama wima, mgongo wake umegusa ukuta, mikono imetandazwa kidogo, kama mtu aliyesulubiwa kwa hiari.

"Mama, habari ya hapa?"

"Muzuri, Haji."

"Mbona unashika ukuta? Nyumba nataka kuanguka?"

"Hapana, Haji. Ni mugongo. Iko inapenda ukuta."

Kisha akaninong'oneza bila kusogeza midomo: "Mwalimu, kuya simama hapa. Miye niangalie samaki."

Nilijiuliza. Nilijiuliza kwa dhati, kwa sababu jambo hilo si dogo: je, mtu anayesimama mbele ya ukweli bila kusema neno ni mwongo, au amesimama tu? Na je, wema wa mjane unaweza kupimwa pamoja na haki ya mzee kujua anachokula? Nilikuwa bado upande wa kwanza wa hoja harufu ilipotoka jikoni. Mchuzi ulikuwa unashika chini. Mama alinitupia jicho moja la mwisho, akauacha ukuta, akakimbia.

Haji aliziangalia lebo moja moja, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma. Alipofika ya tatu alisimama.

"Hii iko nyama gani?"

Madereva walitazama vidole vya miguu yao.

"Na kwa sufuria leo, iko ipi?"

Aliniuliza mimi. Mama alikuwa ameshatokea mlangoni, sufuria mikononi, na jasho. Nilimtazama, naye akafumba macho. Nikasema, "Ni hiyo, Haji. Lakini ndani hamna nyama. Ni nyanya tu."

"Ulisoma?"

"Imeandikwa Kifaransa. Sikusoma Kifaransa."

Mfanyabiashara wa Butembo akajitokeza, akavuta koti. Aliikaribia lebo, akasoma kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa kizuri cha misheni, mpaka herufi ndogo za chini. "Haji, banaandika tomati na chunvi. Basi. Ile nyama ni picha ya kupamba."

"Wewe nakula nguruwe?" Haji alimuuliza, bila ubaya.

Mfanyabiashara alifunga kifungo cha koti. "Kwa Noeli tu."

"Mtu nakula nguruwe, naniambia nguruwe haiko." Haji alitikisa kichwa taratibu. "Ndugu yangu, wewe iko mtu mzuri. Lakini hiyo ushahidi mimi siwezi kubeba."

Mama aliweka sufuria chini. Nilimwona akifuta vidole vyake kwenye kitambaa, kidole baada ya kidole, na nikajua anafikiria mistari ya pamba.

Haji alirudi kwenye ukuta. "Huyu wa kofia, sijui nakula nini. Hii ya jua, haionyeshi kitu." Kidole chake kikafika lebo ya kwanza, ile ya nyanya tatu na jani. "Hii iko?"

"Iko, Haji," mama alisema haraka. "Ya muzima."

"Fungua mbele yangu."

Alitikisa makopo mpaka akapata la kimya, akalileta, akalifungua kwa kisu juu ya benchi. Haji alisogea, akachungulia. Nyanya zilikuwa zimebanana kama kawaida yake. Aliomba kijiko. Alitoa moja, akaigeuza, akatoa ya pili, akatazama chini ya kopo.

"Nyanya," alisema. "Na hii pia nyanya. Hapa hakuna mahali ya kuficha kitu. Ile nyingine imepondwa. Mtu anaponda nini na nini, nani najua? Mama, sufuria yako ya pili, uliwahi kupika nguruwe?"

"Tangu nilivuka mupaka, hata siku moja. Ninaapa na Mungu."

"Hiyo najua. Madereva nasema. Basi pika hii. Hapa, nje. Mimi nangoja."

Jiko la mkaa likaletwa mlangoni. Madereva, ambao walikuwa na njaa tangu asubuhi, walikaa kama wajumbe wa baraza. Mama alikaanga kitunguu, akachukua nyanya ya kwanza mkononi, na kwa kuwa Haji alikuwa ameinama akimwangalia, aliiminya kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Nyanya nzima, nilikwisha sema, hubeba mchuzi wake ndani. Ulitoka wote mara moja, kwa upande, ukaruka juu ya jiko na kutua kifuani mwa kanzu nyeupe ya Haji.

Askari mstaafu alisimama, sijui kwa nini, akakaza miguu kama aliyeamrishwa.

Haji aliinamisha kichwa, akatazama doa. Aligusa kwa kidole, akakiweka ulimini, akafikiri.

"Sasa nimeamini," alisema. "Iko nyanya."

Kicheko kilianza kwa madereva, kikampata mfanyabiashara, kikaishia kwa mama, ambaye alicheka huku akilia na kukoroga. Sinia lilipokuja, ngege alilala juu ya mchuzi mwekundu wenye nyuzi nyuzi, na kichwa chake mama alikielekeza kwa Haji, sawasawa, bila kuzungusha mara mbili. Haji alinawa, akasema bismillahi, akala tonge moja, la pili, la tatu. Hakusifu. Kisha akaweka mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa sinia, akalizungusha polepole, mbele ya madereva wake wote, mpaka kichwa cha samaki kikautazama mlango wa jiko, pale alipokuwa amesimama mama.

Madereva walielewa kabla yangu. "Jumatatu tunakuja wote," alisema askari mstaafu, "na njaa kamili!" Mfanyabiashara wa Butembo alikuwa ameshaanza kufunga kamba kwenye baiskeli, akirudia peke yake, ya muzima, ya muzima, asije akasahau njiani.

Mama aliitwa aje ale kichwa chake. Alikaribia, akakitazama, akaniangalia mimi niliyekaa pembeni, mimi ambaye tangu utotoni sijaweza kula jicho la samaki lililo wazi.

"Mwalimu," alisema, akikisukuma mbele yangu, "weye ndiye ulisema ile ukweli. Kula. Miye nimeshiba woga."

Nilikula macho yote mawili.